Karani Hageuki

Hadithi hii haina kibali. Nakuomba basi uisome ukiwa umefunga mdomo, na ukishindwa kabisa, cheka kwa pua, maana kicheko cha pua katika Jamhuri ya Nyamavu bado hakijatungiwa sheria. Rasimu ipo. Imekaa kabatini kwa Waziri mwaka wa nne sasa, inasubiri wataalamu wakubaliane pua ya mwananchi iko chini ya wizara ipi.

Mimi naitwa Akilimali Shomvi. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa karani daraja la kwanza katika Idara ya Vicheko, Wizara ya Staha. Kazi yangu ilikuwa kuandika jinsi watu wanavyocheka. Usinionee huruma wala wivu, ni kazi kama kazi nyingine. Penye onyesho lolote la vichekesho, kila safu ya watazamaji kumi hupewa karani mmoja, kiti kimoja cha mbao, saa ya kuhesabia sekunde na Fomu Namba Tisa. Karani huketi mbele ya safu yake, uso kwa uso na watazamaji, jukwaa likiwa mgongoni kwake. Anaandika nani kacheka, kacheka kicheko gani, na kwa sekunde ngapi. Vicheko ni vitatu: cha adabu, cha kifua na cha mbavu. Cha mbavu kikizidi sekunde ishirini, mhusika anaitwa ofisini kujieleza.

Kanuni ya kwanza ya Idara inasema karani hageuki. Karani akigeuka kutazama jukwaa amekuwa mtazamaji, na mtazamaji anahitaji karani wa kumwandika, na huyo karani mwingine serikali itamtoa wapi? Kwa hiyo nimewasikia wachekeshaji wote wa nchi hii na sijamwona hata mmoja. Niulize mchekeshaji fulani ana sura gani, sijui. Lakini niulize muuza vitumbua wa safu ya tatu alifumba jicho lipi aliposikia utani wa mama mkwe, nitakwambia bila kufungua faili.

Msingi wa yote ni sheria fupi: anayecheka amekubali. Mkurugenzi wetu, Bwana Kilapilo, alitufafanulia siku ya semina. "Ndugu makarani," alisema, akanyamaza ili tuandike hayo maneno mawili. "Kicheko si upepo. Kicheko ni saini ya mdomo. Mwananchi anayecheka ovyo ametia saini waraka ambao hajausoma. Kazi yenu, ndugu zangu, ni kumsaidia asome." Tulipiga makofi sana. Makofi yana idara yake, ghorofa ya pili.

*

Nina mtoto mmoja, binti, jina lake Mboni. Alipokuwa mdogo alikuwa akinisubiri mlangoni kila jioni. Nilirudi nimechoka, kutwa nzima nimetazama watu wengine wakicheka, na yeye alijiwekea sheria yake kwamba baba havui viatu kabla hajacheka. Basi aliigiza mbuzi wa jirani akitafuna mpini wa jembe, aliigiza Kilapilo akiteremka garini, aliigiza mama yake akitafuta miwani iliyo usoni kwake. Kicheko changu si kizuri. Kinaanza na kikohozi kimoja, kama mtu anayepiga hodi, kinanyamaza, halafu kinakuja chote kwa mpigo. Mtaa mzima ulikijua. Nilikuwa navua viatu machozi yananitoka, na nakiri kwamba vicheko vyote vile havikuandikwa mahali popote.

Akakua, akawa mchekeshaji, nikavumilia. Alipofika miaka ishirini na saba alimleta nyumbani mwanamke anayeitwa Rehani, fundi wa friji, mpole, ambaye alinipa shikamoo yangu vizuri na kuketi pale alipoonyeshwa. Mboni akasema, "Baba, huyu ndiye niliyempenda. Sina mwingine na sitatafuta."

Sheria ya Nyamavu inawaita watu hawa Watu wa Namna Ile. Haisemi namna ipi. Aliyeiandika aliona haya, Bunge likaona haya, na tangu siku hiyo watu wanafungwa miaka kumi na miwili kwa kosa ambalo hakimu hulisoma akitazama dirishani. Miezi ileile Wizara yangu ilikuwa inaendesha Kampeni ya Mzazi Mwajibikaji. Kulikuwa na kijitabu cha kurasa nane, chenye dibaji ya Baba Mlezi wa Taifa, kilichowashauri wazazi wa Watu wa Namna Ile watangaze mbele ya ukoo kwamba mtoto wao amekufa, ili taifa liendelee na shughuli zake. Mimi ni mtumishi wa umma. Niliita ukoo.

Nitasema kweli hapa, maana sina tena cheo cha kulinda. Sikumchukia mwanangu. Niliogopa. Niliogopa kupoteza kazi, niliogopa majirani, niliogopa Kilapilo, na hofu yote hiyo nikaivalisha hasira ili nisiione. Nilisimama sebuleni nikasema, "Kwangu mimi, Mboni amekufa." Na kwa kuwa mimi ni karani hata nikikasirika, niliandika muhtasari wa kikao, wajumbe kumi na mmoja wakatia saini, nikagonga muhuri. Wazazi wengine walikuwa wakitamka tu na kwenda kulia chumbani. Mimi peke yangu nchi nzima nilikuwa na nyaraka. Wizara ilifurahi mno, nikapewa cheti cha Mzazi wa Mfano na saa ya ukutani yenye picha ya Baba Mlezi, ambaye mkono wake wa kulia ndio mshale wa dakika.

Mboni alitoka na begi moja akahamia kwa Rehani, upande wa pili wa mji. Mke wangu hakugombana nami hata kidogo. Alivua kitenge, akajifunga kaniki nyeusi, akatandika jamvi sebuleni, akaketi. Jioni nikauliza chakula.

"Nyumba yenye msiba haiwashwi moto," akasema. "Si umesema tumefiwa? Ngoja majirani walete."

Majirani hawakuleta, maana hawakujua kama msiba huu ni wa kwenda na uji au wa kupita mbali. Nikawa nakula mihogo ya kuchoma barabarani. Miaka mitatu mke wangu alikaa katika matanga yale, na miaka yote hiyo hakuniita tena Baba Mboni. Alisema mtu hawezi kuitwa kwa jina la mtoto asiyekuwepo. Aliniita Karani.

*

Sasa tuje kwenye onyesho. Wachekeshaji sita wa Namna Ile, Mboni akiwa kiongozi wao, waliomba kibali cha kuchekesha pamoja jukwaani kwa siku moja. Walikataliwa mara kumi na moja. Mara ya kwanza kwa sababu fomu ilijazwa kwa wino wa bluu, mara ya pili kwa sababu ilijazwa kwa wino mweusi. Mara ya saba waliambiwa taifa linaomboleza ng'ombe wa Baba Mlezi. Mara ya kumi na moja Kilapilo aliandika jibu kwa mkono wake: "Ombi limekataliwa kwa sababu likikubaliwa watu watakuja."

Mara ya kumi na mbili hawakuomba onyesho. Waliomba kibali cha msiba.

Hapa nieleze utani, endapo unatoka nchi isiyo nao. Kwetu watu wa bondeni na watu wa mlimani ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akija msibani kwako hakatazwi kitu. Anavaa nguo za marehemu, anaigiza sauti yake, analala kaburini na kugoma kutoka, anamsema mfiwa mbele ya watu, na mfiwa hana ruhusa ya kukasirika. Tuna Sheria ya Watani, kongwe kuliko Wizara, inayosema hakuna mamlaka itakayomzuia mtani msibani wala kicheko cha msibani hakitakuwa kosa. Mara tatu Bunge lilitaka kuifuta, na mara tatu Spika alifiwa kabla ya kura, watani wakaja, na Bunge likaahirishwa kwa aibu.

Wachekeshaji watano walikuwa watu wa bondeni. Mboni ni wa mlimani. Walichohitaji ni marehemu wa mlimani, naye walikuwa wanaye. Mke wangu, aliyekuwa hata sokoni haendi, aliinuka asubuhi moja, akafungua droo yangu, akachukua ule muhtasari na kuupeleka kwa Msajili wa Vifo. Msajili aliusoma mara mbili, akausifu kwa mpangilio wake, akatoa cheti. Sababu ya kifo: tamko la baba. Mahali pa kuzikwa: ng'ambo ya Mto Lukanda, nje ya nchi.

Nilipoliona hilo la mwisho niliuelewa mpango wote. Hati ya kumkamata Mboni ilikuwa tayari, imebakiza saini moja. Ila maiti haikamatwi, na jeneza halidaiwi pasi mpakani. Rehani alikuwa amekwisha kuvuka wiki mbili kabla.

*

Kilapilo aliniita ofisini kwake. Akanivutia kiti yeye mwenyewe, jambo ambalo lilinitia wasiwasi kuliko kelele zake za siku zote.

"Mzee Akilimali," akasema, "wewe ni baba."

"Nilikuwa, mheshimiwa."

"Ah, baba ni baba, bwana. Damu nzito kuliko maji. Hebu niambie, kweli moyoni mwako yule binti amekufa?"

Nikaiweka kofia yangu magotini.

"Wizara haiwezi kusema yu hai," akaendelea, sauti imelainika. "Tulikupa cheti na saa. Tukisema yu hai, tumesema kijitabu ni cha uongo, na dibaji unajua ni ya nani. Lakini wewe unaweza. Tamko la baba ndilo lililoua, tamko la baba litafufua. Sema tu, mwanangu yu hai. Tutafurahi pamoja nawe."

"Halafu?"

"Halafu tutamkamata."

Ndugu msomaji, ilikuwa mara ya kwanza Serikali kuniomba nimpende mwanangu. Fomu ilikuwa mezani, kalamu juu yake. Na neno lile nililitamani. Kwa miaka mitatu nilikuwa nalisema bafuni, maji yakimwagika ili mke wangu asisikie: mwanangu yu hai, mwanangu yu hai. Sasa nilipewa nafasi ya kulisema mbele ya muhuri wa taifa, na gharama yake ilikuwa miaka yake kumi na miwili.

"Amekufa, mheshimiwa," nikasema.

Lilikuwa neno lilelile. Mara ya kwanza nililisema kwa woga, mara hii kwa mapenzi, na aliyesikiliza asingejua tofauti.

Kilapilo alisogeza kiti chake nyuma. "Haya. Siku ya msiba utaandika safu ya kwanza, na mimi nitaketi ubavuni kwako. Ukigeuka, mzee, ukamtazama, basi baba kamwona mwanawe amesimama, anasema, anapumua. Tamko limekufa. Msiba nao umekufa. Waliomo wote, mtani na mtazamaji, watakuwa kwenye onyesho lisilo na kibali. Magari yatakuwa nje, injini zinanguruma."

*

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, Ukumbi wa Mshikamano. Viti vilikuwa vimeondolewa na majamvi yametandikwa, kama ilivyo ada ya msiba. Watu walikuja mia mbili na kumi na wawili, kinamama na kaniki zao, kinababa na kofia mikononi, na vijana wengi waliokaa wawili wawili bila kugusana. Katika safu yangu walikuwemo mwalimu mstaafu, nesi wa wodi ya wazazi, muuza vitumbua, kinyozi, na wengine watano. Wa kumi, mwisho kabisa kushoto, alikuwa mke wangu. Tulikuwa tumelala chumba kimoja miaka mitatu pasipo kutazamana, na sasa kazi ilinilazimu nimtazame usoni mpaka mwisho.

Alianza mtani anaitwa Ngurumo. Sauti yake ilikuwa nyembamba mno kwa jina lile.

"Mimi wamenipeleka kwenye maombi mara nne," akasema nyuma yangu. "Mara ya nne mchungaji akaniwekea mikono kichwani, akaamuru pepo litoke. Likatoka kweli. Lilipofika nje likakuta mvua, likarudi, limekuja na mwenzake."

Hakuna aliyecheka. Watu wa Nyamavu wamezoea kumtazama karani kwanza. Walinitazama mimi, nikatazama fomu yangu. Kisha muuza vitumbua alishindwa: cha mbavu, sekunde tisa. Baada ya hapo ukumbi ukafunguka. Mwalimu mstaafu alicheka amejiziba mdomo kwa kofia: cha adabu, sekunde nne.

Akaja Bi Kidawa, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, kwa sauti yake ya kivivu. "Mimi naishi na rafiki yangu mwaka wa ishirini na mbili. Mwenye nyumba anatusifia, anasema sisi ni wapangaji wa mfano, hatuingizi wanaume. Shehe anatutolea mfano, padri anatutolea mfano. Mabinti wa mtaa mzima wanaambiwa, muwe kama wale kinamama wawili. Nasi tunawaombea kwa Mungu wasikilize."

Hapo nesi alicheka, na akiwa bado anacheka akaanza kulia, vyote viwili kwa pamoja. Fomu Namba Tisa ina nafasi ya kicheko na nafasi ya mengineyo. Nilijaza zote. Nilipotazama safu za nyuma yake nikaona wengine wako hivyohivyo, wanafuta macho na kushika mbavu, na taratibu nikaelewa ni nani hasa waliokuja. Hawakuja kumzika wa kwangu tu. Kila mmoja alikuwa na marehemu wake anayetembea mjini, au yeye mwenyewe ndiye marehemu wa mtu.

Kisha nyuso zote kumi zikapanda juu kidogo.

"Poleni na msiba," sauti ikasema.

Mkono wangu ulisimama. Miaka mitatu nilikuwa sijaisikia. Ilikuwa hatua sita kutoka mgongoni kwangu, labda saba.

"Marehemu haruhusiwi kusema," akaendelea Mboni, "sheria mnaijua. Mimi ni mtani tu, leo natokea bondeni. Nimevaa nguo za marehemu. Naona zimenikaa."

Kinyozi, cha mbavu. Muuza vitumbua, cha mbavu. Nilikuwa naandika bila kuona.

"Marehemu hakuugua muda mrefu. Aliingia sebuleni mzima. Baba yake aliposimama, akawa mahututi. Baba aliposema 'kwangu mimi', akakata roho. Hakuitwa daktari. Palikuwepo karani. Muhtasari ninao hapa: waliohudhuria, kumi na mmoja. Udhuru, hakuna. Yatokanayo, marehemu. Mengineyo," nikasikia karatasi ikigeuzwa, "kulikuwa na chai."

Ukumbi mzima ulianguka kwa kicheko. Kilapilo, ubavuni kwangu, aliuma midomo mpaka ikawa myeupe. Mimi nilikuwa namtazama mke wangu. Alikuwa hacheki, wala halii. Alikuwa anatazama jukwaani kama mtu anayesoma barua.

"Watani, nawaambia kitu kimoja cha marehemu, halafu tubebe," Mboni akasema, na sauti ikashuka. "Alipokuwa na miaka sita alikuwa akimngoja baba yake mlangoni. Alijipa kazi, baba asivue viatu kabla hajacheka. Kazi hiyo aliifanya mpaka akaizoea, ndiyo akawa mchekeshaji. Hakuwa anamchekesha mtu mwingine. Ninyi wengine wote mlikuwa mnakaa tu njiani. Na baba mwenyewe alikuwa akicheka hivi."

Akakiigiza. Kikohozi kimoja, kama hodi. Kimya. Halafu chote kwa mpigo, kicheko changu, ambacho hata mimi nilikuwa nimekisahau.

Hakuna aliyecheka. Karibu ukumbi mzima ulinigeuzia macho. Kilapilo aliinama mpaka sikioni kwangu, akaninong'oneza kwa upole wa kweli. "Geuka, mzee. Ni mwanao."

Nilishika kiti kwa mikono miwili. Shingo yangu ilitaka kugeuka, nasema wazi, ilitaka kwa nguvu kuliko kitu chochote mwili wangu umewahi kutaka. Nikafikiria magari nje. Nikamfikiria nesi, na vijana wale wawili wawili. Kisha kikohozi kikanitoka, kimoja. Nikanyamaza. Halafu kikaja chote.

Nilicheka nimeutazama umati, mgongo wangu kwa mwanangu, machozi yanaangukia Fomu Namba Tisa. Kilapilo alifungua kitabu cha sheria kwa haraka, akapekua, akakifunga. Kicheko cha msibani si kosa. Kidole changu, kwa mazoea, kilikuwa kimebonyeza saa: sekunde thelathini na moja. Chini kabisa ya fomu, mahali pasipo na mstari, nikaandika: Akilimali Shomvi, baba, cha mbavu.

Nyuma yangu palikuwa kimya. Baada ya muda Ngurumo akasema, "Haya watani, tubebe, jua linatuacha." Nikasikia mbao, nikasikia kifuniko cha jeneza, nikasikia miguu mingi ikishuka ngazi za pembeni. Watu waliinuka. Karani hainuki wala kugeuka mpaka ukumbi uwe mtupu, nami sikuinuka. Nilisikia gari likiondoka. Nilipogeuka, jukwaani hapakuwa na mtu. Palikuwa na viatu viwili vya mwanamke, vimepangwa vizuri, vinaelekea kiti changu.

*

Taarifa ya Idara ilisema msiba ulifana na marehemu alisindikizwa kwa heshima zote. Mpakani askari walivua kofia na kulipungia jeneza mkono. Mimi nilistaafishwa mwezi uleule kwa kosa la kujiandika mwenyewe.

Nilikwenda kwa Msajili kuulizia utaratibu wa kufuta kifo. Alikuwa mtu mwema, alitafuta hata kwenye kabati la zamani. "Fomu ya kufa tunayo, mzee wangu," akasema. "Ya kufufuka haijawahi kuombwa. Na akionekana ndani ya mipaka atashitakiwa kwa udanganyifu wa kifo. Barua pia haziruhusiwi, posta hairuhusiwi kupokea mwandiko wa marehemu." Akanipa pole. Ndiyo pole ya kwanza niliyopewa.

Nyumbani, mke wangu alikuwa amekunja jamvi siku ileile, akawasha moto, akapika. Tulikula ugali na mchicha bila kusema. Viatu nilivileta, akavifuta vumbi na kuviweka mlangoni. Bado aliniita Karani.

Lilibaki swali moja, na lilinila. Nilipocheka, uso wa mwanangu ulikuwaje? Miaka ishirini na sita nimesoma nyuso za watu wasionihusu, na huo mmoja sikuuona. Lakini nilikuwa na nakala ya fomu, yenye majina na mitaa. Nikaanza kuwatafuta walioketi safu yangu.

Mwalimu mstaafu alinikaribisha kahawa. "Nisamehe, mzee mwenzangu," akasema, "wakati ule nilikuwa nakutazama wewe." Nesi alisema hivyohivyo. Muuza vitumbua alisema, "Kicheko kama kile, mzee, mtu ataangalia wapi kwingine?" Kinyozi alinikata nywele bure na kuniambia hakuona kitu, alikuwa ananitazama mimi. Nilikwenda kwa wote tisa. Wote walikuwa wananitazama mimi.

Wa kumi alikuwa nyumbani kwangu, na ilinichukua miezi miwili kumfikia. Jioni moja alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, nikaketi mbele yake.

"Mama Mboni."

"Ehe."

"Siku ile nilipocheka. Ulikuwa unatazama wapi?"

"Nilikuwa namtazama mwanangu. Ulitaka nitazame wapi?"

"Alikuwaje?"

Akatoa chuya moja, akaitupa. Akatoa nyingine.

"Alivua viatu," akasema. "Akavipanga, akasimama peku. Akawa anakitazama kisogo chako. Anasubiri ugeuke."

"Lakini msiba si aliupanga yeye? Alijua siwezi kugeuka. Alijua nikigeuka wanakamatwa wote."

"Alijua."

"Sasa alikuwa anasubiri nini?"

"Ndiyo nakwambia, Baba Mboni. Alijua, na alisubiri hivyohivyo."

Miaka mitatu sikuwa nimeitwa jina lile, na sikujua niliweke wapi. Mdomo wangu, kwa mazoea tu, ukauliza lile swali ambalo karani huuliza.

"Kwa muda gani?"

Mke wangu aliuweka ungo chini.

"Mpaka walipofunika jeneza," akasema.